Wifi Asiyebisha Hodi

Muchaneta alichoka kabla hajazaliwa. Jina lenyewe maana yake "mtachoka". Baba yake alilitoa kuwakomoa majirani waliokuwa wanamsengenya, lakini majirani walihama na jina likamkalia binti. Sasa ana miaka hamsini na minne, ana wajukuu watano wa mwanawe chini ya paa lake, na ukimwamkia atakwambia amechoka kabla hujamaliza salamu. Ila hakuna anayemwita Muchaneta. Tunamwita Chihera, kama wanavyoitwa wanawake wote wa ukoo wa pofu, yule mnyama mkubwa mwenye pembe za kusokotwa, na kila mtu anajua wanawake hao walivyo. Ukioa Chihera umeoa mke na mkuu wa polisi kwa mahari moja.

Aliteremka huku bonde la Zambezi akiwa na miaka ishirini, kutoka kule juu kwenye baridi, kuolewa na Kativhu wa ukoo wa Nzou. Nzou ni tembo. Wanaume wa ukoo huo tunawaita Samanyanga kwa heshima, na kijijini kwetu Nyamasoka karibu kila mwanamume mwenye kauli ni Samanyanga. Mtu wa Nzou hali nyama ya tembo, akila meno yatamdondoka. Hamuui. Hata kutamka kwamba tembo fulani auawe hatamki, maana ni sawa na kumtakia kifo ndugu yake wa damu.

Haya yote Chihera aliambiwa kabla ya harusi, akaitikia kwa kichwa. Nani hana mwiko? Wiki ya tatu ya ndoa, jua linazama, tembo watano wakaingia kwenye maboga. Bibi harusi akadaka sufuria na mwiko tayari kupiga kelele. Mumewe akamshika mkono. Akavua kofia, akachuchumaa ukingoni mwa shamba, akapiga makofi ya taratibu kama anayemwamkia mkwewe.

"Samanyanga, wakubwa wa msitu! Sisi ni wa nyumba moja. Hapa ni kwenu. Piteni salama, mtuachie na sisi kidogo."

"Unaongea na nani?" Chihera aliuliza.

"Na ndugu zangu."

"Ndugu zako wanakula maboga yangu!"

"Wana njaa, Chihera."

Wakala, wakaondoka. Hawakuacha hata hicho kidogo. Na kila mwaka, kwa miaka thelathini na minne, mwanamume yule alivua kofia jioni, akachuchumaa palepale, akapiga makofi yale yale, na mkewe akasimama nyuma yake na sufuria mkononi, damu ikimchemka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo. Haya, huyu mgeni utampa jembe alishike kwa mkono gani?

Hapo ndipo Chihera alipotafuta namna yake ya kuuchukulia ule ujinga. Akasema, sawa, kama tembo ni ndugu wa mume wangu, basi tembo jike ni dada yake. Na dada ya mume wangu ni nani kama si wifi? Jamani, mawifi tunawajua. Wifi haingii kwa hodi, anafunua vyungu, anakula cha mbele na cha akiba, na ukifungua mdomo mumeo anakwambia ni dada yangu, mvumilie. Kijiji kizima kilicheka, jina likashika. Kukicha utasikia Mai Fungai, jirani yake, akipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Chihera, wifi yako alilala kwako?" na Chihera anajibu, "Alilala, alikula, na bakuli hakuosha!"

Mawifi walikuwa wengi, ila mmoja ndiye aliyekuwa wifi hasa. Sikio lake la kushoto lilichanika kuanzia juu hadi katikati, likawa linapepea vipande viwili. Hakuwa na pembe hata moja, alizaliwa hivyo, kama majike wengi wa huku. "Samanyanga maana yake mwenye pembe," Chihera alimwambia mumewe. "Huyu mnamwitaje?" Mumewe akajibu kwamba hata binadamu kuna wasio na meno. Wifi huyo ndiye aliyebomoa ghala mara mbili, akalipindua tangi la maji la shule, na mwaka mmoja akamkimbiza Chihera hadi kwenye choo, akasimama nje kwa muda wa kupika mboga na kuipua.

Chihera hakukaa kimya. Aligombea kamati ya wanyama ya kata, akaingia, akawa ndiye mwandishi wa fomu. Miaka sita aliandika. Tarehe, saa, shamba la nani, mazao gani, tembo wangapi. Mwandiko wake ulikuwa wa kujivunia, nao wanakamati wenzake wengine waliandika "wengi" pale yeye alipoandika "tisa: jike kubwa la sikio kuchanika, majike matatu, vijana watatu, ndama wawili." Ofisi ya wanyamapori ilijibu kila fomu kwa maneno yale yale, kwamba taarifa imepokelewa.

Wakati huo wageni wa kuwinda walikuja kila kiangazi na vibali vyao. Waliwapiga madume wazee wenye pembe ndefu, waliojikalia porini na ustaarabu wao, wasiojua hata boga linafananaje. Wifi bila pembe nani amtake? Wakaja pia wageni wengine, wale wa kuwapenda tembo, wakatufundisha kuchanganya mavi ya tembo na pilipili, kuyakausha na kuyachoma. Walimgawia kila mtu fulana yenye picha ya tembo. Moshi wa pilipili ulimfukuza Chihera nyumbani kwake siku mbili. Wifi alisubiri upepo ugeuke, kisha akala mahindi. Fulana ile Chihera bado anayo, huivaa akienda kuwafukuza.

Halafu ukaja mwaka wa ukame ule mkubwa. Masika hiyo jua ndilo lililovuna. Mtama uliungua ukiwa kimo cha goti. Mashine ya kusaga ilinyamaza miezi minne kwa sababu hapakuwa na cha kusaga. Wajukuu watano wa Chihera walikula kunazi za porini asubuhi na kunazi jioni, zikawauma matumbo, wakala tena. Kilichobaki kilikuwa bustani ya mtoni. Maji yakipungua, udongo wa ukingoni hubaki na unyevu, na mwenye kipande chake hupanda mahindi na maboga humo humo. Chihera alipanda mistari kumi na nne. Mahindi yale yakikomaa, watoto watavuka hadi mvua. Wifi akiyawahi, hawavuki. Hesabu ilikuwa hiyo tu, haikuhitaji fomu.

Ndipo ofisi ikatangaza kwamba tembo wamezidi na watu wana njaa, hivyo baadhi watapigwa na nyama igawiwe. Kila kata ikae, ilete majina ya wasumbufu. Chihera alipopata habari hiyo alifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda harusini. Miaka sita! Hatimaye kuna mtu aliyesoma.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza ya mashine ya kusaga. Bwana Mudimu, afisa wa ofisi ile, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya mafua. Alitoa bahasha, ndani yake fomu zote za Chihera, zimepangwa vizuri.

"Mwandishi wa hizi ni nani?"

"Mimi," Chihera alisema, akisimama wima.

"Hongera, mama. Kata nzima ya jirani hawana karatasi moja inayosomeka. Hapa tunaona wazi. Familia ya tembo tisa. Basi ni hao."

"Hao kina nani?"

"Hao tisa."

"Bwana Mudimu, mimi nalalamikia mmoja. Wa sikio."

Afisa akavuta kamasi, akaeleza kwa upole kama mtu aliyekwisha kueleza kwingine mara nyingi. Yule wa sikio ndiye mama wa wote. Ndiye anayejua maji yako wapi na njia ipi ina watu. Ukimtoa peke yake, wanaobaki huchanganyikiwa, wakakua bila adabu, wakawa wabaya kuliko yeye. Ilishawahi kutokea. Ama wote, ama hakuna.

"Na ndama?" Chihera aliuliza. "Yule mdogo alizaliwa juzi, mwezi wa pili. Hajajua hata kutumia mkonga wake. Ana kosa gani?"

"Ndama hawezi kuishi peke yake, mama. Itakuwa ukatili."

"Kwa hiyo mnamuua ili asiteseke."

"Ndiyo mwongozo."

"Mwongozo!" Chihera aligeuka kuwatazama watu. "Nimeomba mtu mmoja afukuzwe nyumbani, naambiwa nizike ukoo!"

"Chihera, acha madaha!" Mai Fungai alipiga kelele kutoka nyuma. Mumewe ni wa ukoo wa Soko, tumbili, na watoto wake hawana mwiko na tembo. "Wanangu hawajaonja nyama tangu Krismasi ya mwaka juzi. Shemeji yangu alikanyagwa na dume njiani akienda kuchota maji, hakuna aliyelia huko wanakotuma fulana. Tisa ni chakula cha kata nzima! Sema tu neno, tule!"

Alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera Chihera zaidi. Akamgeukia Sabhuku Chidembo, mkuu wa kijiji. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile wazee walikuwapo kumi na mmoja, saba kati yao wa Nzou, wote wamekodolea macho viatu vyao.

"Sabhuku, wewe ndiye mkuu. Tamka."

Sabhuku akakohoa. "Mke wetu, unajua sisi hatuwezi. Ni ndugu zetu. Wewe umetoka nje ya ukoo, mdomo wako hauna mwiko. Kamati ikubali kupitia kwako. Weka saini, nasi tutakaa kimya."

"Kwa hiyo mnataka."

"Hatujasema tunataka."

"Mnakataa?"

"Hatujasema tunakataa."

Loo! Mwaka wote, wale wanaume walikuwa wakimjia Chihera mmoja mmoja, jioni jioni, mke wetu andika na langu, mke wetu wamekula na kwangu, kaza kamba huko ofisini. Sasa kamba imekazika, kila mtu mkono wake msafi, na shingo iliyotafutwa ya kubebea dhambi ni ya mwanamke wa kuja. Akasema waziwazi, mbele ya mgeni wa serikali, kwamba kijiji hiki kina wanaume wa kupiga makofi tu.

"Sitii saini," alisema. "Nitatia iwapo mmoja wenu atasimama na kusema kwa mdomo wake kwamba dada yake afe. Mmoja tu. Samanyanga wangu, wewe! Miaka thelathini na minne unawapigia makofi. Simama hapa uwaambie watu unataka nini."

Hapo alikuwa amejiwekea akiba ya ushindi. Alijua mumewe hatasimama. Atainamisha kichwa, mkutano utavunjika, na yeye atarudi nyumbani kupiga sufuria kama kawaida na kumsimanga hadi mvua inyeshe. Kwa kweli, na hili hakulisema kwa mtu siku ile, alitaka iwe hivyo.

Kativhu akasimama. Akavua kofia, akapiga makofi taratibu, yale yale ya ukingoni.

"Nimemwomba dada yangu tangu niko kijana," alisema. "Nimemwomba atuachie kidogo. Wajukuu wangu wanaumwa matumbo kwa kunazi. Mke wangu ana mistari kumi na nne mtoni." Akaikunja kofia. "Afe. Na wanawe, kama ndivyo inavyotakiwa. Neno ni langu, msimwekee yeye."

Akakaa. Sabhuku alifunika uso kwa mkono. Bwana Mudimu akasogeza karatasi, na Chihera, kwa mwandiko wake ule mzuri, akatia saini, kwa sababu alikuwa ameahidi mbele za watu.

Risasi zililia siku ya Jumanne asubuhi, Chihera akiwa kisimani. Zilianza alipotupa ndoo, zikaisha kabla ndoo haijajaa.

Wanakijiji walipofika pale walipolala tembo, nyama ilikuwa imeanza kukatwa. Watu walikuja na beseni, na magunia, na toroli, wakiimba. Usiwalaumu, hukuwaona walivyokonda. Watu wa Nzou walikaa mbali, chini ya kivuli cha gari la serikali, migongo imegeuzwa. Sasa, kwetu akifa mtu, wake walioolewa katika ukoo ndio wanaochangamsha msiba. Wanamwigiza marehemu, anavyotembea, anavyogomba, hadi waliofiwa wacheke. Mai Fungai, beseni kichwani, damu hadi kwenye viwiko, akamwona Chihera.

"Mke wa ukoo huyo amefika! Wifi kafa, Chihera! Mwigize basi, tumzike kwa heshima!"

Watu wakaitikia kwa vigelegele. Nani angemkatalia? Chihera alifungua kitenge chake, akakitanda kichwani, upande mmoja akaukunja ufanane na sikio lililochanika. Akaja akiyumba, mzito, bila haraka. Akasukuma ua lisilokuwapo kwa paji la uso. Hodi hakubisha. Akanusa huku, akanusa kule, akachagua boga, akaliweka chini, akachagua lililo kubwa zaidi. Akamkimbiza Mai Fungai hadi nyuma ya gari, akasimama akimsubiri kama kwenye choo. Watu walicheka wakajishika mbavu. Hata wale wa Nzou, migongo yao ilikuwa inatikisika.

Akafika mahali pa kuondoka. Kuondoka kwa wifi Chihera alikuwa anakujua vizuri, kwa kuwa ndiyo sehemu aliyoipenda kila mara: anapanda ukingo wa mto, saba wanapita mbele yake, naye anasimama, anageuza kichwa, anamngoja mdogo aliyechelewa. Hamwachi hata akirushiwa mawe. Chihera akapanda kichuguu, akasimama, akageuza kichwa kumngoja mdogo.

Mdogo alikuwa pale pale, amelala ubavu, mtu ameukanyaga mguu wake ili ngozi ivutike.

Chihera alibaki amegeuza shingo. Watu waliendelea kucheka, wakidhani bado anaigiza. Kisha kicheko kikapungua kwanza kwa wanawake, halafu kwa wote. Alishuka, akakusanya kitenge chake, akasema, "Nipeni fungu langu, niondoke. Na usiniangalie hivyo, Mai Fungai, nakwambia usiniangalie!"

Alilipika fungu lake nje, kwenye chungu cha peke yake, mbali na vyungu vya nyumba, kama inavyotakiwa. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuila nyama hiyo nyumba nzima. Alipika hadi ikalainika, akakaa mbele yake na sadza, yaani ugali, ya unga wa msaada, akatafuna vipande viwili. Nyama haikuwa na kosa. Alichukua chungu, akampelekea Mai Fungai, akakiweka mlangoni bila kubisha hodi.

Mahindi ya mtoni yalikomaa yote. Mistari kumi na nne, hakuna hata bua lililovunjwa, maboga yamelala kila mahali hadi unakosa pa kukanyaga. Haikuwahi kutokea tangu aolewe. Wajukuu walikula mahindi ya kuchoma hadi midomo ikawa myeusi, matumbo yakatulia, mashavu yakaanza kurudi. Chihera aliwahesabu kila jioni wakiwa wamekaa kwa mstari, watano, wazima. Angeulizwa angetia saini tena, na kwa kujua hivyo alikuwa na hasira na watu wote duniani, wa fulana na wa bunduki, wa mbali na wa karibu.

Jioni moja alitoka mtoni, sufuria mkononi, na kumkuta mumewe amekaa kwenye kigoda, kofia kichwani, anatazama vidole vyake. Jua lilikuwa linagusa miti.

"Hii ndiyo saa yako," alimwambia. "Mbona huendi ukingoni?"

"Kufanya nini?"

"Kufanya ulichokuwa unakifanya! Miaka yote hunipi nafasi ya kupumua, Samanyanga hivi, nyumba moja vile. Leo umekuwa bubu?"

Kativhu akainua uso. "Nimsalimie nani, Chihera?"

Chihera akaangalia mahindi yake, yamesimama yote.

"Nimechoka nawe," alisema. Akaweka sufuria chini, akavuta kigoda kingine, akakaa karibu naye.